Kibaba Kwanza, Kilele Baadaye

Ukiniuliza historia ya kupanda milima ya barafu hapa kwetu inaanzia wapi, sitakupeleka Moshi. Nitakupeleka Kilwa. Najua utanishangaa. Kilwa ina magofu, mikoko na pweza, lakini mlima haina. Mitole, bara ya Kivinje, palipoinuka ni vilima ambavyo mbuzi anavimaliza bila kuhema. Nipe nafasi kidogo nikueleze.

Nilikuwa Mitole kwa kazi ya uwandani, sisi wanafunzi watatu na vijana wawili wa pale tuliowaajiri watusaidie kubeba mizigo. Jioni moja tulitandaza vifaa uani: vipima mahali viwili, betri za akiba, mifuko ya sampuli, daftari zisizolowa maji. Tulijiona tumejipanga kweli kweli. Mzee mwenyeji wetu akapita, akaangalia, akauliza swali moja tu: "Wanangu, posho ya wabebaji iko wapi?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Tulidhani tutanunua huko mbele. "Huko mbele kuna nani wa kuwauzia?" akauliza, akaenda zake kuswali.

Swali lile halikuniacha, na niliporudi chuoni nikaanza kusoma habari za misafara ya karne ya 19 iliyotokea pwani ya Kilwa. Nikagundua kwamba mzee alikuwa ameniuliza swali lililowaangusha watu wengi wenye majina makubwa kwenye vitabu.

Sasa fikiria. Mtu anayepanga leo kuongoza wateja kwenye mlima mgumu wa Himalaya, tuseme Ama Dablam wa mita 6,812, ukimwomba akuonyeshe mpango wake, utategemea kuona kamba, shoka za barafu na ramani ya mwamba. Zipo. Lakini kurasa nyingi zitakuwa za vitu vinavyochosha kusoma: nani anabeba nini, kutoka wapi hadi wapi, anakula nini, analipwa kiasi gani, na akiugua nani anachukua mzigo wake. Mpango wa mlima, kwa sehemu kubwa, ni mpango wa msafara. Na msafara ni kitu ambacho watu wa pwani yetu walikijua kuliko karibu kila mtu.

Turudi Kivinje, mwaka 1859. Mji ulikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa bara, chini ya Sultani wa Zanzibar. Njia iliyotoka pale kwenda Ziwa Nyasa ilikuwa njia ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo, maelfu kila mwaka. Tusilipambe hilo. Ujuzi wa safari ninaotaka kuusifia ulikua ndani ya biashara hiyo, na vijiji vya njiani vilikuwa na kila sababu ya kuogopa msafara wowote unaotokea pwani.

Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Mjerumani mmoja kijana, Albrecht Roscher, aliondoka Kilwa akiwa ameambatana na msafara wa mfanyabiashara Mwarabu, Salim bin Abdallah. Aliliona ziwa tarehe 19 Novemba, miezi miwili hivi baada ya Livingstone kulifikia kutokea kusini. Karibu miezi mitatu njiani, kwa umbali unaozidi kilomita 600 ukipima kwa mstari ulionyooka.

Hebu tupige hesabu, maana hili ni jukwaa la sayansi. Mpagazi wa wakati ule alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, karibu robo tatu ya kilo au pungufu kidogo. Ukimpa mpagazi abebe chakula chake peke yake, bila kitu kingine chochote, mzigo mzima utamtosha kama siku 45. Lakini kufika ziwani tu ni siku 80 na zaidi, na bado hujarudi! Kwa hiyo mpagazi aliyebeba chakula chake mwenyewe asingefika hata kama bosi wake hakumwongezea chembe ya ushanga.

Misafara ilitatua tatizo hili kwa kutobeba chakula. Ilibeba fedha ya njiani: kitambaa cha merikani kilichofumwa Marekani, kaniki kutoka India, shanga kutoka Venisi. Kila kijiji kilikuwa ghala. Mnyapara alisimamia watu, kirangozi alitangulia na kujua njia, na pamoja na njia alijua wapi kuna mavuno mwaka huu, mtawala yupi anataka hongo kiasi gani, na shanga za rangi gani zinakataliwa wapi. Hilo la rangi ya shanga usilicheke. Ukifika mahali na shanga zilizopitwa na wakati, una njaa.

Kwa maneno mengine, msafara wa Kilwa uliishi kwa uhusiano. Roscher alikuwa mgonjwa sehemu kubwa ya safari, na alipokuwa chini ya msafara wa Salim alifika salama. Machi 1860, akiwa na watu wachache tu, aliuawa kwa mishale katika kijiji cha Kisunguni. Mtumishi wake Rashid alifanikiwa kurudi pwani na habari. Sultani Majid alifuatilia wauaji wakakamatwa, na wawili wakakatwa vichwa Zanzibar mwaka huohuo.

Hapa ndipo anapoingia mtu anayeunganisha Kilwa na barafu. Baron Karl Klaus von der Decken, mzaliwa wa Brandenburg, alifika Zanzibar mwaka 1860 akiwa na nia ya kuungana na Roscher. Akakuta habari za kifo. Akaamua kwenda Nyasa mwenyewe, kwa njia ileile, kutokea Kilwa. Alikuwa na pesa, vyombo vya kupimia, afya. Akafika mahali panapoitwa Mesule, akalazimika kugeuza. Ziwa hakuliona.

Mwaka uliofuata, 1861, alielekea kaskazini, akatokea Mombasa kwenda Kilimanjaro pamoja na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na Livingstone. Walipanda hadi kama mita 2,500. Mwaka 1862 alirudi, safari hii na Otto Kersten, wakafika karibu mita 4,300, na usiku theluji ikawaangukia. Nadhani, na hii ni hukumu yangu, kwamba Kilwa ndiyo iliyokuwa shule yake. Aliyeshindwa kushikilia msafara kwenye nchi tambarare alijifunza kwanza kushikilia msafara, ndipo mlima ukaja.

Wakati huo Ulaya bado walikuwa wanabishana kama barafu ipo kweli karibu na ikweta. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848. Alimuuliza kiongozi wake ile nyeupe ni nini, na jibu alilopewa ni neno moja ambalo wewe na mimi tunalitumia kila Juni: baridi. London, bwana mmoja aitwaye Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye mlima wenyewe hakuwahi kuuona, alikataa kata kata kwamba hiyo ni theluji. Kumbe jibu la kisayansi lilikuwa limeshatolewa porini, kwa Kiswahili, na mtu aliyeujua mlima ule kuliko Cooley.

Wachaga walijua zaidi ya hapo. Rebmann alisimuliwa kwamba zamani Rengua, mtawala wa Machame, alituma kundi la watu wapande wakachunguze kile kitu cheupe. Akarudi mmoja tu, aitwaye Sabaya, mikono na miguu ikiwa imeharibika kwa baridi. Soma hadithi hiyo kama ripoti ya safari na utaona ina data: juu kuna kitu kinachoua, hakionekani, kinaanza na vidole. Mpagazi wa Kichaga au wa pwani aliyegoma kupita mstari wa msitu hakuwa mwoga wala mvivu, ingawa vitabu vya wazungu vinapenda sana maneno hayo mawili. Alikuwa na shuka ya pamba na kumbukumbu ya Sabaya. Katika hali hiyo hata mimi ningegoma.

Sasa angalia mlima unaufanya nini mfumo wa msafara. Kutoka pwani hadi Marangu unaishi kwa kununua: vijiji vipo, ndizi zipo. Ukipita shamba la mwisho na kuingia msituni, soko limefungwa. Ukipita msitu, kwenye mita 3,000 hivi, kuni nazo zinaanza kuisha. Ukifika mita 4,300 huna wa kumwuzia merikani yako. Yule mzee wa Mitole alisema nini? Huko mbele kuna nani wa kuwauzia?

Hans Meyer alikutana na ukuta huo mara ya kwanza mwaka 1887. Alikuwa mwanajiografia wa Leipzig, mtoto wa familia ya wachapishaji, pesa haikuwa shida. Alifika ukingo wa chini wa barafu ya Kibo, kwenye kama mita 5,500, akasimama. Hakuwa na vifaa vya kupanda barafu. Akarudi chini.

Mwaka 1888 alikuja tena, na Oscar Baumann, na safari hii hata mlima hakuufikia. Kampuni ya Kijerumani ilikuwa imeanza kushika miji ya pwani, na pwani ikawaka moto. Pangani aliongoza Abushiri bin Salim. Kilwa Kivinje, Septemba mwaka huo, maofisa wawili wa kampuni waliuawa. Meyer na Baumann wakakamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia ya rupia 10,000. Mpango wake ulikuwa na kila kitu isipokuwa jambo moja, nalo ni kuwauliza wenye nchi kama wanakutaka upite. Kwenye orodha ya mnyapara wa Kivinje jambo hilo, lenye jina la hongo, lingekuwa la kwanza.

Mwaka 1889 akarudi mara ya tatu. Sasa alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Salzburg na mmoja wa wapandaji hodari wa Alps. Huyo ndiye jibu la barafu. Jibu la njaa lilikuwa kambi. Meyer aliugawa mlima vipande vitatu: Marangu, kwa mtawala Mareale, ambako chakula kinapatikana, kambi ya kati kwenye ukingo wa juu wa msitu, walikobaki wengi wa watu wake, na kambi ya juu, mita 4,300, kwenye jangwa kati ya Kibo na Mawenzi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipanda na chakula na kuni, wakashuka. Kundi lake la mlimani, ukiacha yeye na Purtscheller, lilikuwa na wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi wa njia.

Tupige tena hesabu, kwa namba za kukadiria. Mpagazi akipanda siku mbili na kushuka moja, anakula vibaba vitatu. Akibeba frasila moja tu kwa sababu ya mwinuko na baridi, amebeba vibaba 22 hivi, na akitoa vyake vitatu zinabaki siku 19 za chakula cha mtu mmoja. Sasa gawa kwa watu watatu walioko juu, ongeza kuni, ongeza siku za mvua. Utaona kwamba watu tisa si wengi hata kidogo. Utaona pia mfumo unavyofanya kazi: safari moja fupi ya mpagazi inanunua karibu wiki nzima juu kwa watu watatu. Aliyekuwa anajaribu kilele mara moja na kukimbilia chini kwa njaa, sasa anaweza kujaribu mara ya pili na ya tatu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walichonga ngazi kwenye barafu, kila ngazi mapigo kama 20 ya shoka, wakafika ukingo wa kreta, wakaona kwamba kilele chenyewe kiko mbele zaidi. Muda umekwisha, nguvu zimekwisha. Wakashuka. Kwa mpango wa 1887 hapo hadithi ingeishia. Lakini kambini kulikuwa na chakula na moto. Wakapumzika, wakapanda tena, wakalala kwenye pango la mwamba juu zaidi, na asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama mahali tunapopaita Uhuru. Siku hiyo Purtscheller alitimiza miaka 40. Meyer akapaita kwa jina la mfalme wake Wilhelm, jina lililokaa hadi nchi yetu ilipopata bendera yake.

Kambi ilifanya na kazi nyingine. Kwenye mita 4,300 shinikizo la hewa ni kama asilimia 60 ya lile la Kivinje. Kwenye kilele cha Kibo ni kama nusu. Oksijeni ya kila pumzi inapungua kwa kiasi hichohicho. Mwili hauzoei kwa ujasiri, unazoea kwa siku: unapumua zaidi, figo zinarekebisha kemia ya damu, taratibu chembe nyekundu zinaongezeka. Meyer na mwenzake walikaa siku 16 juu ya mita 4,200 na zaidi. Posho iliyoletwa na wapagazi iliwanunulia muda, na muda ndiyo dawa yenyewe.

Miaka 70 baadaye wanasayansi walilipima jambo hili Himalaya. Msimu wa baridi wa 1960 na 1961 timu ya Edmund Hillary na mwanafiziolojia Griffith Pugh iliishi kwenye kibanda cha rangi ya fedha kwenye mita 5,800, karibu sawasawa na kilele chetu, wakipima damu na mapafu. Waligundua pia kwamba huwezi kukaa hapo milele: mwili unaendelea kukonda. Na Machi 1961, wanne kati yao, waliokwisha zoea hewa hiyo kwa miezi, wakawa wa kwanza kupanda Ama Dablam, ule mlima niliokutajia mwanzoni. Wapagazi wa Kisherpa ndio waliokifikisha kibanda pale.

Mbinu hii ina mpaka wake, na mpaka huo tunao hapahapa. Baada ya Kibo, Meyer na Purtscheller waligeukia Mawenzi, mita 5,149, mfupi kwa mita mia saba na zaidi. Chakula walikuwa nacho, hewa wameizoea, na bado wakashindwa kufika kilele chake. Mawenzi ni mwamba uliooza, unaovunjika mkononi, na hapo kibaba hakikusaidii. Ulipandwa tarehe 29 Julai 1912, na Eduard Oehler na Fritz Klute. Kwa hiyo simaanishi kwamba ufundi wa kamba si kitu. Ninachosema ni kwamba ufundi huo unaanza kuhesabika pale tu posho ilipokwisha kufika.

Kuna mjadala usiokwisha kuhusu nani mwingine alikuwa juu mwaka 1889. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki 1996, anaheshimiwa na Watanzania wengi kama kiongozi wa Meyer. Wapo wanaotilia shaka, maana angepaswa kuwa ameishi zaidi ya miaka 120. Mimi sioni kama swali la nani aligusa kilele ndilo lenye utamu. Napenda kuuliza nani alilala wapi.

Kambi ya juu alilala Mwini Amani. Kitabu cha Meyer kinamtaja: mtu wa Pangani, ndiye pekee kati ya watu wa msafara aliyebaki nao juu, akilinda hema na moto wakati wale wawili wako kwenye barafu. Pangani, ule mji wa Abushiri. Julai ya mwaka uleule majeshi ya Wissmann yalikuwa yameuteka, na Desemba Abushiri alinyongwa hapohapo. Kati ya miezi hiyo miwili, kijana wa mji ule amekaa peke yake kwenye upepo wa mita 4,300, akiwasubiri Wajerumani wawili washuke. Wao walikuwa wanashuka wakiwa wawili. Yeye hakuwa na wa kuongea naye hadi wapagazi walipopanda.

Siku 16, kibaba kimoja kwa siku: kilo 11 hivi za nafaka kwa ajili yake peke yake. Zilipandishwa mgongoni kutoka Marangu kupitia msituni. Na aliyezipandisha, akishatua na kuota moto kidogo, alishuka siku ileile kufuata kuni.